NDEGE ZA VITA: JE, ZINUNULIWE KWA ZABUNI YA WAZI?

Kila mwaka serikali nyingi za dunia hutumia mali nyingi kununua ndege za vita. Mali hiyo hutoka katika kodi ya mkulima, ya mfanyakazi wa kiwandani na ya mwenye duka. Kwa sababu hiyo mlipa kodi ana haki ya kuuliza jinsi ndege hizo zinavyonunuliwa. Je, serikali imchague muuzaji mmoja inayemwamini na kupatana naye faraghani? Au iwaite wauzaji wote, iwape masharti yale yale, iwapime kwa mizani moja, kisha imtangaze mshindi pamoja na sababu za kumchagua?

Somo letu la juma hili lahusu swali hilo. Tutalichunguza kwa kufuata habari za nchi ya Kanada, ambayo katika muda wa miaka kumi na mitatu ilijaribu njia zote mbili, na mwishowe ikaichagua ndege ile ile. Msomaji asiyewahi kuiona ndege ya vita kwa macho yake asifikiri kwamba jambo hili ni la wakubwa tu. Kanuni zifaazo kununulia ndege ndizo zifaazo kununulia lori la chama cha ushirika, mabati ya shule na dawa za zahanati. Tofauti ni ukubwa wa fedha.

Zabuni ya wazi ni nini?

Zabuni ya wazi, au tenda kama ilivyozoeleka kuitwa, huenda kwa hatua nne. Kwanza, mnunuzi huandika mahitaji yake: anataka chombo cha kufanya kazi gani, mahali gani, na kwa muda gani. Pili, hutangaza mahitaji hayo ili kila muuzaji awezaye kuyatimiza apate habari, na papo hapo hueleza atakavyowapima. Tatu, hupokea zabuni zao zikiwa zimefungwa, kwa siku iliyowekwa, ili mmoja asichungulie bei ya mwenzake. Nne, huzipima kwa mizani ile ile aliyoitangaza, akamchagua aliyeshinda, na walioshindwa wakaelezwa kwa nini walishindwa.

Njia nyingine ni kununua kwa muuzaji mmoja bila kumshindanisha na mtu. Njia hii si mbaya nyakati zote. Mtu mwenye mashine ya kusaga nafaka akivunjikiwa na chuma kitengenezwacho na kiwanda kimoja tu, atakwenda kwa kiwanda hicho na kulipa bei yake. Lakini siku atakapotaka kununua mashine mpya, viwanda vingi vitakuwa tayari kumwuzia, naye atakuwa mjinga asipouliza bei ya kila kimoja. Basi yatupasa kujua kama ndege ya vita ni kama chuma hicho kimoja, au ni kama mashine nzima.

Hoja za wasiopenda zabuni

Wale wasiopenda zabuni ya wazi katika mambo ya ulinzi wana hoja nne, na yafaa tuzisikilize kwa haki, maana zina uzito.

Hoja ya kwanza ni wakati. Zabuni ya ndege huchukua miaka, na katika miaka hiyo ndege za zamani huzidi kuchakaa na marubani huzidi kuhatarisha maisha yao. Hoja ya pili ni siri. Wasema kwamba nchi ikiandika mahitaji yake yote hadharani, adui atajua udhaifu wake. Hoja ya tatu ni umoja wa majeshi. Nchi ipiganayo bega kwa bega na rafiki zake huona faida kutumia ndege za aina moja nao, ili vipuri, risasi na mafundisho ya marubani yalingane. Hoja ya nne ni uchache wa viwanda. Nchi ziwezazo kutengeneza ndege ya vita ya kisasa ni chache sana, na pengine ndege yenye sifa fulani hutengenezwa na kiwanda kimoja tu kati ya vile ambavyo nchi hiyo yaweza kununua kwavyo.

Hoja hizi zote nne zilitolewa nchini Kanada. Na tuone zilivyosimama.

Kanada yachagua bila zabuni

Kanada ni nchi ya pili kwa ukubwa duniani, na watu wake ni wachache wakilinganishwa na ardhi yao. Tangu 1958 ina mapatano na Marekani ya kulinda anga la Amerika ya Kaskazini kwa pamoja. Kwa kazi hiyo jeshi lake la anga lilitumia ndege ziitwazo CF-18, zilizochaguliwa mwaka wa 1980 baada ya aina kadhaa za ndege kushindanishwa. Ndege hizo zilianza kazi 1982, na ilipofika 2010 zilikuwa zimekwisha kuzeeka.

Wakati huo Marekani ilikuwa ikitengeneza ndege mpya, F-35, ya kampuni ya Lockheed Martin, ambayo imeundwa ili isionekane kwa urahisi katika mitambo ya rada. Kanada ilikuwa imejiunga na mpango huo tangu 1997, na kuchangia fedha pamoja na nchi nyingine rafiki. Tarehe 16 Julai 2010 waziri wa ulinzi, Bwana Peter MacKay, alitangaza kwamba serikali itanunua ndege 65 za F-35 kwa dola za Kanada bilioni 9 hivi. Bilioni moja ni milioni elfu moja. Hapakuwa na zabuni.

Serikali ilijitetea kwa kusema kwamba ushindani ulikwisha kufanyika. Na ni kweli kwamba mwaka wa 2001 Marekani iliishindanisha ndege ya Lockheed Martin na ndege ya Boeing, na ya Lockheed Martin ikashinda. Lakini wapinzani wakajibu kwamba ushindani ule ulikuwa wa Marekani, kwa mahitaji ya Marekani. Jirani yako akichagua trekta la kulima shamba lake la tambarare, hajakuchagulia wewe unayelima mlimani. Na ndege nyingine, kama Super Hornet ya Boeing, Gripen ya Uswidi, Rafale ya Ufaransa na Typhoon ya nchi kadhaa za Ulaya, hazikuwamo kabisa katika ushindani ule wa 2001.

Mwezi wa Machi 2011, afisa wa Bunge ashughulikiaye makadirio ya fedha, Bwana Kevin Page, alitoa hesabu yake mwenyewe. Alisema kwamba kununua ndege hizo 65 na kuzitunza kwa miaka 30 kutagharimu dola za Marekani bilioni 29 hivi. Serikali iliikataa hesabu hiyo. Mwezi ule ule Bunge lilipiga kura kwamba serikali ya Waziri Mkuu, Bwana Stephen Harper, imelidharau Bunge kwa kutotoa hesabu kamili za mambo kadhaa, na ndege hizi zilikuwa mojawapo. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Kanada serikali kuhukumiwa hivyo, nayo ikaanguka. Hata hivyo katika uchaguzi wa mwezi wa Mei wananchi waliichagua tena, tena kwa wingi zaidi. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba hesabu za ndege ziliiondoa serikali ile. Zilifanya jambo jingine: zilikataa kunyamaza.

Bei ya kununua na gharama ya kumiliki

Tarehe 3 Aprili 2012 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Bwana Michael Ferguson, alitoa taarifa yake. Alieleza kwamba wizara ya ulinzi haikufuata utaratibu kwa uangalifu uliotakiwa, na kwamba maamuzi makubwa yalifanywa kabla ya maandishi yaliyopasa kuyatangulia. Pia alionyesha kwamba ndani ya ofisi zake wizara ilikuwa na makadirio ya dola za Kanada bilioni 25 hivi kwa miaka 20, lakini hesabu iliyopelekwa Bungeni ilikuwa pungufu kwa dola bilioni 10 hivi. Fedha zilizoachwa nje zilikuwa za kuziendesha ndege, mishahara ya watu wake, na mafundisho.

Hapa pana somo ambalo kila mwanachama wa ushirika yampasa alijue. Chama kikitaka kununua lori, muuzaji hutaja bei ya lori. Lakini lori hunywa mafuta, hula matairi, huhitaji dereva na fundi, na hulipiwa bima. Baada ya miaka kumi, huenda fedha zilizotumika kuliendesha zikaipita bei yake mara nyingi. Katibu wa chama akiwatajia wanachama bei ya lori tu, hakusema uongo, lakini hakuwaambia kweli yote. Ndivyo ilivyo kwa ndege ya vita, ila ndege huzidi: yahitaji banda maalumu, silaha zake zina bei yake, na rubani mmoja hufundishwa kwa miaka.

Baada ya taarifa ya mkaguzi, serikali iliita kampuni ya wakaguzi ya KPMG. Mwezi wa Desemba 2012 kampuni hiyo ilikadiria dola za Kanada bilioni 45.8 kwa maisha yote ya mpango, yaani miaka 42. Tazama basi: bilioni 9, bilioni 25, bilioni 45.8, na ndege ni zile zile 65. Hesabu hizi hazikupingana zote. Kila moja ilihesabu miaka yake na vitu vyake. Lakini mwananchi aliyeambiwa ya kwanza tu angewezaje kujua? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali ikasimamisha mpango wa kununua, ikaanza kuangalia upya.

Miaka ya kusitasita

Mwaka wa 2015 chama cha Bwana Justin Trudeau kilishinda uchaguzi. Katika kampeni kilikuwa kimeahidi mambo mawili: kwamba hakitanunua F-35, na kwamba kitafanya zabuni ya wazi. Msomaji makini ataona kwamba ahadi hizo mbili zilikuwa zikigombana. Zabuni haiwezi kuwa ya wazi ikiwa mmoja wa washindani amekwisha kufungiwa mlango kabla haijaanza.

Mwezi wa Novemba 2016 serikali hiyo mpya ilitangaza kwamba, kwa muda, itanunua ndege 18 za Super Hornet kwa Boeing, na hizo pia bila kuzishindanisha na nyingine. Haukupita muda mrefu Boeing ikaishtaki kampuni ya Bombardier ya Kanada mbele ya serikali ya Marekani, ikisema kwamba inauza ndege za abiria kwa bei ya chini isivyo haki. Kanada ikakasirika. Mwezi wa Desemba 2017 ikaacha kununua Super Hornet, ikaamua kununua ndege za zamani kutoka Australia, za aina ile ile ya CF-18, ili kusaidia kwa muda.

Mwaka uliofuata Mkaguzi Mkuu alisema kwamba ndege hizo za Australia hazitaliponya tatizo kubwa, kwa sababu jeshi la anga lilikuwa limepungukiwa na marubani na mafundi. Hivyo nchi iliyokuwa imekataa kununua kwa haraka ilijikuta ikinunua vitu vilivyokwisha kutumiwa, kwa sababu ilichelewa. Hoja ya wakati, basi, ni ya kweli. Lakini aliyeula wakati si zabuni. Kutoka 2010 hata 2017 zabuni ilikuwa haijaitishwa.

Zabuni yafanyika

Mwezi wa Desemba 2017 serikali ilitangaza kwamba itanunua ndege 88 kwa ushindani wa wazi, na mwezi wa Julai 2019 ikatoa masharti kamili. Mizani ilitangazwa mapema: alama 60 katika 100 zilikuwa za uwezo wa ndege, 20 za bei, na 20 za faida kwa viwanda na wafanyakazi wa Kanada.

Dassault ya Ufaransa ilikuwa imekwisha kujitoa mwaka wa 2018. Airbus ya Ulaya ikajitoa mwezi wa Agosti 2019, ikieleza kwamba masharti ya usalama ya kufanya kazi pamoja na Marekani yangekuwa na gharama kubwa mno kwa ndege iliyotengenezwa nje ya Amerika. Kwa upande mwingine, masharti ya faida za viwanda yalilegezwa kabla ya zabuni kutolewa ili F-35 iweze kuingia, kwa kuwa mapatano ya mpango wake hayakuruhusu ahadi za namna iliyotakiwa kwanza. Hapa twajifunza kwamba neno "wazi" lina vipimo. Mlango waweza kuwa wazi, na bado upana wake ukaamua nani apite.

Wakabaki watatu: Lockheed Martin, Boeing, na Saab ya Uswidi. Mwezi wa Desemba 2021 Boeing iliambiwa kwamba haikutimiza masharti. Mwezi wa Machi 2022 F-35 ikashika nafasi ya kwanza, mbele ya Gripen. Na tarehe 9 Januari 2023 waziri wa ulinzi, Bibi Anita Anand, alitangaza kwamba Kanada itanunua ndege 88 za F-35 katika mpango wa dola za Kanada bilioni 19.

Je, zabuni ilikuwa kazi bure?

Hapa mtu mwerevu ataruka na kusema: "Mwaona? Miaka kumi na mitatu imepita, na ndege ni ile ile ya 2010. Zabuni haikuleta kitu." Neno hilo lina ladha ya kweli, lakini tulipime.

Mwaka wa 2010 mtu aliyesema kwamba F-35 ndiyo bora alikuwa akieleza imani yake. Mwaka wa 2022 mtu aliyesema hivyo alikuwa akieleza matokeo ya kupimwa. Ukweli wa maneno waweza kuwa mmoja, lakini uzito haulingani, kama vile ambavyo kijana ajuaye kusoma na kijana mwenye cheti cha kusoma hawapokelewi sawa na mtu asiyewafahamu. Mlipa kodi hana njia ya kuifahamu ndege. Cheti chake ni zabuni. Na faida hiyo inaonekana katika siasa pia: chama kilichoahidi kutoinunua F-35 ndicho kilichoinunua, nacho kiliweza kufanya hivyo kwa sababu kilikuwa na matokeo ya kipimo cha kuonyesha watu.

Lakini tusiisifu zabuni kupita kiasi. Mwezi wa Juni 2025 Mkaguzi Mkuu wa Kanada, Bibi Karen Hogan, alieleza kwamba gharama ya ndege hizo 88 imepanda kutoka dola bilioni 19 kufika bilioni 27.7, na kwamba zitahitajika dola bilioni 5.5 nyingine, au zaidi, kwa majengo na silaha za kuifanya kazi ikamilike. Alisema kwamba makadirio yaliyotangazwa yalitegemea hesabu za zamani za 2019, na kwamba majengo yamechelewa kwa zaidi ya miaka mitatu. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi wa Machi, Waziri Mkuu mpya, Bwana Mark Carney, alikuwa ameamuru ununuzi huo uangaliwe upya. Zabuni, basi, humsaidia mnunuzi kuchagua, lakini haimwondolei wajibu wa kushika daftari baada ya kuchagua.

Zabuni ya jina tu

Tena kuna hatari ya kufanya zabuni kisha kuichezea mizani. Mfano wake twaupata Afrika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi hiyo ilitaka ndege za kufundishia marubani wake wa vita, na ndege za Italia zikashindanishwa na Hawk ya Uingereza na nyingine. Zikatengenezwa orodha mbili, moja yenye bei ndani yake, na moja ambayo bei imeondolewa. Katika orodha yenye bei, ndege ya Italia ilikuwa mbele. Katika orodha isiyo na bei, Hawk ilikuwa mbele. Ikachaguliwa Hawk, na mwaka wa 1999 mkataba wa ndege 24 ukatiwa sahihi pamoja na mikataba mingine mikubwa ya silaha. Mabishano juu ya mikataba hiyo yaliendelea katika Bunge, katika tume na katika mahakama za nchi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Hatusemi kwamba Hawk ni ndege mbaya. Twasema kwamba mnunuzi aliyetangaza mizani, kisha akaitoa bei katika mizani hiyo, asishangae watu wakiuliza sababu.

Siri yafaa kulinda nini?

Sasa tuirudie hoja ya siri. Ni haki ya jeshi kuficha ramani zake, idadi ya risasi zake, na namna rada yake inavyofanya kazi. Lakini siri ya namna hiyo haihitaji kuifunika bei, wala jina la dalali, wala ujira wake. Historia yaonyesha kwamba mara nyingi pazia lililowekwa kumzuia adui lilitumika kumzuia mkaguzi.

Mwaka wa 1976 ilijulikana kwamba kampuni ya Lockheed ya Marekani, ambayo baadaye iliungana na nyingine kuwa Lockheed Martin, ilikuwa imelipa rushwa katika nchi mbalimbali ili ndege zake zinunuliwe. Huko Uholanzi, Mwana wa Mfalme Bernhard, mume wa Malkia Juliana, ilimbidi aache vyeo vyake vya kijeshi, na baada ya kufa kwake mwaka wa 2004 yalichapishwa maneno yake mwenyewe akikiri kupokea fedha. Mambo hayo yaliifanya Marekani itunge sheria mwaka wa 1977 ya kuzikataza kampuni zake kuwahonga wakubwa wa nchi za kigeni.

Mfano wa karibu nasi zaidi si wa ndege, bali wa rada ya kuziongoza. Serikali ya Tanzania ilinunua rada ya kijeshi kwa kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28 hivi, na serikali ya Uingereza ikatoa idhini ya kuiuza mwaka wa 2001. Waziri mmoja wa Uingereza, Bibi Clare Short, aliupinga mkataba huo waziwazi kwamba ni ghali mno kwa nchi maskini. Baadaye ikajulikana kwamba dola za Marekani milioni 12 hivi zilikuwa zimelipwa kwa dalali. Mwaka wa 2010, mbele ya mahakama ya London, kampuni hiyo ilikiri kosa la kutoandika vizuri malipo hayo katika vitabu vyake vya hesabu. Ikatozwa faini, nayo ikakubali kutoa pauni milioni 29.5 kwa faida ya watu wa Tanzania. Fedha hizo zilitumika kununua vitabu na madawati ya shule za msingi. Kila mzazi na ajiulize watoto wangapi walikaa chini kwa miaka hiyo yote, kwa sababu hesabu ya kitu kimoja haikuandikwa wazi.

Neno la mwisho

Baada ya kuzipima pande zote, twaona kwamba ndege za vita zinunuliwe kwa zabuni ya wazi, na kwamba zabuni hiyo ishike mambo matano.

Kwanza, mahitaji yaandikwe kabla ya kutaja jina la ndege yo yote. Pili, kazi ianze mapema, wakati ndege za zamani zingali na nguvu, ili haraka isije ikawa kisingizio. Tatu, wauzaji wapimwe kwa gharama ya maisha yote ya ndege, wala si kwa bei ya siku ya kununua. Nne, mizani ikisha kutangazwa isibadilishwe njiani. Tano, mkaguzi aliye huru apewe vitabu vyote, kabla ya kununua na baada ya kununua, na taarifa yake isomwe na Bunge.

Na ikiwa kwa kweli yuko muuzaji mmoja tu awezaye kutimiza haja ya nchi, serikali inunue kwake. Lakini kwanza iandike sababu zake, izionyeshe kwa wawakilishi wa watu, na ikubali kukaguliwa sawasawa na kama ingaliitisha zabuni. Jemadari ndiye ajuaye ndege ipi yafaa vitani. Mwenye kulipa naye ana haki ya kujua alilipa nini, alimlipa nani, na kwa nini.

Maswali ya kuzungumzia katika baraza na vyama vya masomo

1. Kwa nini hesabu za ndege 65 za Kanada zilitofautiana kutoka dola bilioni 9 hata bilioni 45.8? Tengenezeni hesabu ya namna hiyo kwa lori au mashine ya chama chenu.

2. Kununua kwa muuzaji mmoja kunafaa wakati gani? Toeni mfano mmoja katika maisha ya kijiji na mmoja katika mambo ya serikali.

3. Kama mwisho wake ndege ile ile hushinda, je, mwaona zabuni ya Kanada ilistahili taabu yake? Kila mmoja aeleze sababu zake.

4. Katika mambo ya ulinzi, ni mambo gani yafaa kuwa siri, na ni yapi mwananchi hana budi kuyajua?